Mnara wa 2010 na spea za Bakari

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Ukimya huu tuugawane nusu kwa nusu, maana na wewe hujaniandikia tangu yale mambo ya Chiku yatulie. Sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu ambao umeanza kudai haki zake. Ya Chiku usinisimulie kwa barua, nasubiri tuonane nisikie na miguno yake.

Nakuandikia mbiombio kwa sababu Bakari anataka jibu. Kampata mtu anayevunja mashine yake auze vipande. Ndani kuna prosesa mbili za Xeon X5690 na kadi ya grafiki ya RX 580, naye ameshajiona bisibisi mkononi akizifunga kwenye mnara wangu. Mnara unaujua, ule Mac Pro wa 2010 uliokuvunja ukucha siku ya kuuhamisha. Bei aliyonitajia ni ya kindugu kabisa, na hiyo ndiyo inayoniharibia usingizi. Kitu kikiwa ghali unasema hapana, unaendelea na shughuli zako. Kikiwa rahisi unaanza kutafuta sababu za kukubali.

Na sababu zipo, usicheke. Sasa hivi nina prosesa mbili za viini vinne vinne, gigahezi 2.4. X5690 ina viini sita na inakimbia gigahezi 3.46. Ukizidisha kwa penseli tu, nguvu inapita mara mbili ya niliyo nayo. Soketi ileile, ubao uleule, RAM yangu ya gigabaiti 64 haiguswi. Tena vijiti vyenyewe ni vya megahezi 1333, ila miaka yote hizi prosesa zangu zimevilazimisha viende 1066. Bakari ananisomea hesabu hiyo kwenye simu kwa sauti ya mtu anayeposa.

Ila mimi sikumwambia nimepungukiwa na nguvu. Hapo ndipo tunapopishana naye.

Shida imeletwa na kazi ya Mama Nuru. Vijana wake wamebadilisha kamera, na mafaili yanayokuja sasa ni H.265, ile namna ya kuibana sana video, biti 10, 4:2:2, yaani yana rangi nyingi kuliko 4:2:0 ya kawaida. Kwa ukubwa ni madogo, ukiyapokea unafurahi. Ukiyaweka kwenye taimlaini ubonyeze yacheze, picha inapiga hatua mbili inaganda, sauti inaendelea na safari peke yake, na feni zote zinaanza kunguruma. Diski haihusiki. Ile NVMe, diski ya kasi niliyoichomeka kwenye PCIe, nafasi za kadi ndani ya mnara, inasoma karibu megabaiti 1500 kwa sekunde, na mafaili haya hayahitaji hata 30.

Kinachokwama ni kuyafumbua. H.265 inabana video kwa kuhifadhi tofauti kati ya fremu na fremu, kwa hiyo ili ikuonyeshe picha moja, kompyuta lazima iijenge upya kutokana na majirani zake. Chipu za siku hizi zina sehemu maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Mimi sina, mzigo wote unaiangukia prosesa. RX 580 ya Bakari inayo sehemu hiyo, lakini inafumbua 4:2:0 peke yake, 4:2:2 haiigusi. Maana yake ingenifaa kwa video za simu, si za Mama Nuru. Na hata hizo za simu, kwenye mnara huu sehemu yenyewe haiamki mpaka uingize OpenCore, programu ya kuwashia mashine, na kuidanganya macOS, mfumo wa Apple, kidogo. Kadi za Nvidia za RTX 50, zilizotoka 2025, zinaifumbua 4:2:2 bila wasiwasi. Sasa nizichomeke wapi? Programu za kuendesha kadi mpya za Nvidia kwenye macOS ziliishia High Sierra, toleo la 2017.

Halafu kuna AVX, ambayo Bakari huikwepa kila nikiitaja. Ni kundi la maagizo ambayo Intel ilianza kuyaweka kwenye prosesa zake na Sandy Bridge, mwaka 2011. X5690 nayo ni ya 2011, lakini ni ya ukoo uliotangulia, Westmere, na haina. Programu za video na sauti zinazotoka sasa zinazidi kuyadai, na zisipoyakuta hazisemi zitakwenda polepole, hazifunguki kabisa. Toleo jipya la ile ninayotumia kuondoa kelele za upepo limeshanikatalia. Na macOS yenyewe iliishia kwangu na Mojave ya 2018. Kupanda juu ya hapo ni viraka. Viraka vyenyewe ni vya ustadi, OpenCore Legacy Patcher nawavulia kofia walioitengeneza, lakini hii ni mashine inayonilisha. Sitaki asubuhi ya kukabidhi kazi nikute sasisho limebandua kiraka usiku.

Nilipomweleza Bakari yote haya akacheka, akasema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Nikamjibu la kuvunda halina ubani. Akakata simu. Baadaye akapiga tena, wala hakukasirika, alikwenda kutafuta methali nyingine akakosa.

Lakini nisimwonee. Njia ya kubaki na mnara ipo, na ndiyo ninayoitumia sasa. Usiku nageuza mafaili yote kuwa ProRes, aina ya video ya Apple ya kuhariria, asubuhi nahariri. Kwenye ProRes kila fremu inajitegemea, hata prosesa zangu kuukuu zinaicheza bila kelele. Na kwenye huko kugeuza, X5690 zingesaidia kweli, kwa sababu ni kazi inayokula viini vyote. Kinachoniumiza ni nafasi. ProRes 422 ya 4K kwa fremu 25 ni megabiti 492 kwa sekunde, yaani kama gigabaiti 220 kwa kila saa ya video. Na unamjua kijana wa Mama Nuru, kamera haizimi hata watu wakiwa wanavaa viatu. Nikishuka hadi ProRes Proxy, nakala nyepesi ya kuhariria, inakuwa megabiti 151, kama gigabaiti 68 kwa saa. Hiyo inabebeka, nahariri kwa nyepesi kisha narudishia mafaili halisi mwishoni. Isipokuwa mwishoni ndipo kwenye rangi, na rangi siwezi kuisahihisha kwa picha ya proxy, kwa hiyo narudi kulekule kwenye kuganda, safari hii Mama Nuru akiwa amekaa pembeni yangu anasema, "Hebu turudi pale kidogo." Pale kidogo! Ningemwambia aende akaoge arudi.

Basi nimejiwekea mpaka. Chochote nitakachonunua kuanzia sasa kiwe kitakachohama nami. SSD inahama, naitoa naitia kwenye kasha la Thunderbolt, ile tundu ya kasi ya Mac. Monita inahama. Zile diski za kwenye trei zinahama, kinachotakiwa ni kituo cha kuzichomeka kwa USB. Prosesa za soketi ile hazina pa kuhamia. RX 580 nayo hivyohivyo, kwa sababu Mac za chipu za M, zile za Apple yenyewe, hazipokei kadi ya grafiki, hata ule Mac Pro wa 2023 uliobaki na nafasi zake za PCIe. Ukiitazama kwa mpaka huo, ile bei ya kindugu inageuka kuwa ghali.

Nilitupia jicho pia Mac Pro wa 2019, wa mtumba. Mashine ya heshima, inafunguka, ina nafasi, RAM unajaza mpaka uchoke. Ila Apple ilishatangaza 2025 kwamba Tahoe ndiyo macOS ya mwisho kwa Intel. Nikiununua nitakuwa nimejipangia barua hii tena, tarehe tu ndiyo tofauti.

Nikafika hapo nikadhani nimeamua. Sikuwa nimeamua. Kinachonikwaza kwenye mashine mpya ni RAM. Mnara huu nilianza nao na RAM ya kuchekesha, nikawa naongeza kadiri kazi zinavyokuja. Unavuta komeo moja nyuma, ubavu wote unatoka, unachomeka, unafunga, unarudi kazini. Sasa naambiwa nichague kumbukumbu ya miaka yote siku ya kulipa, kwa sababu hakuna cha kuongeza baadaye. Mac mini ya M4 ilipotoka 2024 ilianzia gigabaiti 16, ya M4 Pro uliweza kuagiza hadi 64. Mac Studio ya M4 Max ilipotoka 2025 ilianzia 36 hadi 128. Je, 64 za mnara wangu ni sawa na 64 za huko, au ni ngapi? Watu wanasema ndogo inatosha kwa kuwa prosesa na grafiki zinachota sehemu moja. Mimi nasikia hivyo nasema, kama wote wanachota sehemu moja si ndiyo inahitajika kubwa zaidi? Hapa nakutegemea wewe, usinipe jibu la matangazo.

Ukubwa wenyewe unanichekesha. Mini ya M4 ni sentimita 12.7 kila upande. Nitaiweka juu ya mnara na bado kutabaki nafasi ya vikombe. Bakari anaiita kisahani.

Lingine ni lile boksi langu la sauti la FireWire, ile tundu ya zamani ya Mac. Najua utasema nilitupe. Silitupi, maikrofoni zangu zinasikika vizuri kwake kuliko kwenye vitu vipya nilivyoazima. Tahoe imeiondoa FireWire kabisa. Mini ya M4 ilitoka 2024 na Sequoia, macOS iliyoitangulia Tahoe, kwa hiyo inaweza kurudishwa huko, kisha niunge adapta mbili mfululizo, ya Thunderbolt 3 kwenda 2 na ya Thunderbolt 2 kwenda FireWire, ambayo siku hizi ni ya kuwinda. Nikiandika hivi najisikia kama nabishana na ukuta. Boksi huenda likabaki na mnara, nirekodi huku, nihariri kule.

Maana mnara hauondoki, hilo limeisha. Kazi zote za zamani ziko kwenye Final Cut Pro 7, programu ya kuhariri video, nayo ni ya biti 32, haikanyagi mashine mpya. Kuna watu bado wananiomba vipande vya miaka ile. Nitauachia diski moja yenye Sierra ya 2016, maana High Sierra haiifungui, niukate mtandao, niuwashe pale tu mtu anapotaka cha kale. Pawasapulai ya wati 980 kunguruma kutwa nzima kwa ajili ya kuandika ankara ni kufuru.

Kwa hiyo nakuomba msaada. Nakutumia diski yenye mafaili matatu ya Mama Nuru, yaleyale yasiyochezeka, pamoja na mradi mdogo wenye rangi na sauti. Yaweke kwenye Mac Studio yako, ucheze bila kugeuza chochote. Kisha weka marekebisho ya rangi mawili au matatu juu yake ucheze tena, maana kufumbua peke yake najua itaweza, ninalotaka kuona ni ikibebeshwa mzigo. Fungua Activity Monitor uangalie memory pressure, jinsi RAM inavyolemewa, si namba ya RAM iliyotumika, ile namba hujaa hata bure. Uniambie kama inabaki kijani.

Na unijibu haya. Yako ina gigabaiti ngapi, 32 au 64? Umewahi kujuta? Ukiwa na taimlaini ndefu ndefu kama zile za mahojiano, inakusumbua wapi? Diski zako za nje umeziweka kwenye kasha la aina gani, na linapata joto kiasi gani likifanya kazi muda mrefu? Monita yako ya zamani ilikubali moja kwa moja, au maandishi yalikuja ya ukungu? Ungekuwa mimi, ungechukua mini ya M4 Pro ujaze RAM, au Studio ya chini kabisa? Na yule jamaa aliyekuuzia, bado yupo, au ndiyo yale mambo tena?

Bakari nimemwambia prosesa aziache, na kadi namjibu ukishanijibu, maana RX 580 nilifikiria kuibakiza kwenye mnara badala ya HD 7950, kadi yangu ya sasa inayoanza kutoa mistari. Kisha nikakumbuka Sierra ya huko haitahitaji zaidi ya hii, mradi isife. Au unaonaje? Ukimwona kabla yangu usimwambie nimeyumba, atafika na bisibisi.

Nisalimie wote, na Chiku mwambie deni langu nalikumbuka hata kama yeye halikumbuki.

Wako,
Zainabu