Umbo la mshipa nalo liandikwe kwenye ripoti

Ndugu Mhariri,

Mtu akipimwa kichwa na kuambiwa kuwa mshipa wake wa ubongo umetuna, jamaa zake huuliza jambo moja: umetuna kiasi gani? Ripoti nyingi nazo hujibu kwa tarakimu moja, milimita 4 au 7, basi. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze kwa nini tarakimu hiyo peke yake haitoshi, na nini zaidi mgonjwa na daktari wake wana haki ya kukidai.

Kutuna huko, kitaalamu aneurizimu, ni kifuko kinachoota kwenye ukuta wa ateri. Watu wazima wapatao 3 katika kila 100 wanacho, na wengi wao hufika uzeeni bila kujua. Vingi huota pale ateri inapogawika, chini ya ubongo, kwenye duara la mishipa lililoelezwa na Thomas Willis wa Uingereza mwaka 1664. Damu inayokuja kwa kasi huipiga ncha ya njia panda, kama mkondo wa bahari unavyoipiga ncha ya kisiwa pale maji yanapogawika. Na ateri za ndani ya fuvu zina ukuta mwembamba kuliko za sehemu nyingine za mwili. Hazina lile tabaka la nje la nyuzi zinazonyumbuka. Tabaka la ndani likichakaa, ukuta huanza kusukumwa nje.

Njia panda zenyewe hazifanani. Kwenye ateri ya kati ya ubongo, na kwenye ncha ya ateri ya basila iliyo nyuma, chini ya ubongo, wenye aneurizimu huonekana kuwa na pembe pana zaidi baina ya matawi mawili kuliko wasio nayo. Wengine huzaliwa na ateri ya mbele ya upande mmoja nyembamba mno, au haipo kabisa. Hapo ateri ya upande wa pili hulisha pande zote mbili kupitia kiungo kifupi cha katikati, na kiungo hicho ni miongoni mwa mahali aneurizimu hupatikana kwa wingi. Hii haina maana kuwa kila mwenye umbo hilo ataugua. Ila akiwa na presha isiyotibiwa na sigara mkononi, anauongezea mzigo ukuta ambao tayari unapigwa.

Tuje kwenye kifuko chenyewe. Vipimwe vitu vitatu: urefu kutoka shingoni, yaani pale kifuko kinapoungana na ateri, hadi kileleni, upana wa shingo, na upana wa ateri mama, ile ambayo kifuko kimeota juu yake. Chukua vifuko viwili vyenye urefu wa milimita 6. Kimoja kina shingo ya milimita 5, kingine milimita 3. Kwa tarakimu moja ya ripoti ni sawa, lakini cha pili kina urefu mara mbili ya shingo yake. Damu huingia na kuzubaa ndani, na ukuta huvimba na kudhoofika. Hali kadhalika, milimita 6 kwenye ateri ya milimita 2 si sawa na milimita 6 kwenye ateri ya milimita 4. Kisha utazamwe uso wa kifuko. Kikiwa na kinundu kilichoota juu yake, hatari ya kupasuka huongezeka: utafiti mkubwa wa Japani uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta hatari hiyo ni takriban mara 1.6 ya kifuko kisicho na kinundu. Shingo ina kazi nyingine pia. Ikiwa nyembamba, koili, yaani nyuzi za metali zinazopitishwa ndani ya mshipa ili kukijaza kifuko, hukaa. Ikiwa pana huteleza kurudi kwenye ateri, na mpasuaji hulazimika kufikiria stenti (kijibomba cha wavu kinachowekwa ndani ya ateri) au klipu (kibanio cha kuifunga shingo kwa nje).

Makosa nayo yapo. Dawa ya kuonyesha mishipa ikitangulia mno kabla ya picha, vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, nazo hujaa na kuifunika ateri. Mgonjwa akitikisa kichwa, ukingo wa kifuko hupotea. Na mara kwa mara mdomo wa ateri ya kiungo cha nyuma (inayounganisha mishipa ya mbele na ya nyuma ya ubongo) huwa mpana kama faneli, usiozidi milimita 3, na tawi hutokea kwenye ncha yake. Hiyo si aneurizimu, wala mtu asitishwe kwayo.

Mahali hapo hapo panatoa dalili ambayo tunaomba kila kliniki ya macho, Unguja na Pemba, iikumbuke. Kifuko kinapokua pale hubana neva inayoendesha jicho na kope: kope huanguka, mboni hupanuka upande huo huo, jicho huelekea nje na chini. Mgonjwa huyo asipewe miwani wala matone na kuambiwa arudi wiki ijayo. Apelekwe kupigwa picha ya mishipa siku hiyo hiyo.

Vivyo hivyo maumivu ya kichwa yanayofika kilele ndani ya dakika moja, makali kuliko yote aliyowahi kuyapata mtu, pamoja na kutapika au shingo kukaza. Si upepo huo, huenda kifuko kimepasuka. CT skani ikipigwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze huonyesha takriban kila damu iliyovuja. Kadiri saa zinavyopita ndivyo inavyofifia. Asipewe asprini wala diklofenaki ya dukani, na asisubiri boti ya kesho ikiwa ipo njia ya leo, kwa sababu saa 24 za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa ya kuvuja tena.

Anayevushwa kutoka Pemba kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam, apewe CD yenye picha zote, zile za vipande vyembamba vya milimita 1 au chini yake. Filamu moja iliyochapishwa haimwezeshi mpasuaji kuuzungusha mshipa na kuiona shingo, na matokeo yake mgonjwa hupimwa upya, hudungwa dawa ileile mara ya pili, na figo zake hubeba mzigo.

Kwa hiyo tunaziomba idara za picha ziongeze mistari mitano kwenye fomu ya ripoti: mahali, urefu, shingo, ateri mama, na uso wa kifuko. Kwa mtaalamu aliyekwisha kufungua picha, hiyo ni kazi ya dakika chache.

Wasomaji wenu,
Chake Chake, Pemba