Barua ya wazi kwa mjomba, kuhusu zile kompyuta zinazonguruma chumbani kwangu

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta salama na mgongo umetulia. Mama ameniambia umemuuliza tena kazi yangu hasa ni nini, na kwa nini chumbani kwangu kuna kompyuta zinazonguruma hadi alfajiri. Ningekujibu kwa simu, lakini najua tungeishia kwenye Simba na Yanga. Naandika hadharani kwa sababu vijana wengi wa kazi kama yangu wana mjomba anayeuliza hivyohivyo.

Tuanze na kazi. Mkataba unasema mhandisi wa devopsi. Sitengenezi kompyuta, Mjomba. Ile printa ya dukani kwako niliishika kwa heshima yako tu. Zamani kampuni za programu zilikuwa na makundi mawili yasiyopatana: wanaoandika programu, na wanaoziendesha kwenye seva, yaani kompyuta zinazowahudumia watumiaji kupitia mtandao. Wa kwanza walitaka kubadilisha mambo kila siku. Wa pili hawakutaka kitu kiguswe, maana kikiharibika saa nane za usiku wanaoamshwa ni wao. Katikati ya mwaka 2009 mainjinia wawili wa Flickr, tovuti ya kuhifadhi picha, walipanda jukwaani huko Marekani wakaeleza kwamba kwao makundi hayo yanafanya kazi pamoja, na kwamba wanapandisha matoleo mapya zaidi ya mara 10 kwa siku. Oktoba mwaka huohuo Mbelgiji mmoja, Patrick Debois, akaitisha mkutano mjini Ghent akauita DevOpsDays. Jina la kazi yangu limetoka hapo.

Kwa vitendo ni hivi: mtu akimaliza kuandika programu, anakuta nimeshajenga njia ya kuipima, kuifungasha, kuipandisha kwenye seva, kuiangalia ikiwa kazini, na kuirudisha toleo la jana ikileta balaa. Yote hayo yaende yenyewe, bila mtu kugusa. Wewe uliyekuwa karani bandarini Tanga utanielewa upesi. Kabla ya kontena kila shehena ilikuwa na wapagazi wake na namna yake ya kufungwa. Kontena lilipoingia, kreni haikuuliza tena ndani mna nini. Docker, chombo cha kufungashia programu kilichotolewa mwaka 2013, kiliifanyia programu jambo hilohilo. Mwaka uliofuata Google wakatoa Kubernetes, inayoyagawa makontena hayo kwenye mashine nyingi na kuliwasha upya lolote lililokufa. Tofauti na enzi zako ni kwamba langu likizama nalitupa, nawasha jingine, na hakuna wa kunidai fomu. Zamu za usiku pia zipo, ila hizo usimwambie Mama.

Sasa zile mashine. Ni kompyuta tatu za mtumba, zile ndogo zilizokuwa zikitumika maofisini Ulaya, kila moja unene wa kitabu kikubwa. Zimeunganishwa kwa swichi ya mtandao na zina betri ya akiba ya kuzivusha umeme unapokatika. Ndani yake nimeweka Proxmox, programu huru kutoka Vienna inayoigawa mashine moja ikawa nyingi, kila moja ikijiona iko peke yake. Ulilalamikia umeme, na una haki ya kuhesabu. Zote pamoja na swichi na rauta zinakula wati 50 hivi, sawa na uniti 36 kwa mwezi zikiwaka usiku na mchana. Friji yako ile ya zamani huenda inazidi.

Utauliza kwa nini nisikodishe seva huko nje kama wafanyavyo wenye makampuni. Kazini tunakodisha. Kwa kujifunzia, kukodisha kunalipiwa kwa dola, na mashine uliyosahau kuizima inaendelea kukukata mwezi mzima. Halafu kuna umbali. AWS, tawi la Amazon linalokodisha seva, walipofungua vituo vyao Afrika, mwaka 2020, walifungua Cape Town, na kutoka hapa hadi kule kuna bahari. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika, intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikazorota kwa siku kadhaa, na watu wakagundua ni vitu vingapi vyao haviko nchini. Picha za harusi ya dada ziko hapa chumbani, zikafunguka kama kawaida.

Hizo picha zina maana kuliko unavyodhani. Kijana anayetaka kazi hii huambiwa akusanye vyeti. Vyeti sivikatai, mimi mwenyewe ninavyo. Lakini kwenye usaili sikuulizwa cheti. Niliulizwa nitafanya nini diski ikijaa na huduma ikasimama. Nilikuwa nimeshaliona hilo nyumbani, tena nikiwa na mteja mkali, yaani dada yangu, anayepiga simu mara tu picha zinapogoma kufunguka. Seva ambayo hakuna anayeitegemea haikufundishi sana. Wape ndugu wawili watatu kitu wanachokihitaji kila siku, uone utakavyojifunza haraka.

Kuna kisa kimoja ninachowasimulia wote wanaoniomba ushauri. Tarehe 31 Januari 2017, huko GitLab, kampuni inayowahifadhia waandishi wa programu kazi zao, injinia aliyekuwa kazini usiku akijaribu kurekebisha hifadhidata alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pembeni. Alipositisha amri, karibu gigabaiti 300 zilikuwa zimekwenda. Walipokimbilia bakapu, yaani nakala za akiba, wakakuta kwamba kati ya njia tano walizokuwa nazo, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa imechukuliwa saa sita kabla. Nawaheshimu kwa jambo moja: hawakuficha, waliandika kila kitu na kurusha moja kwa moja mtandaoni wakati wakiokoa mali. Mimi kila mwezi nachukua bakapu za nyumbani nazirudisha kwenye mashine tupu, naangalia kama picha zinafunguka. Ni kazi ya kuchosha, na kazini pia ndiyo kazi ninayoisisitiza kuliko zote.

Nije kwenye mngurumo wenyewe, ule uliokunyima usingizi ulipolala kwetu. Zile mashine zilikuwa zinacheza bao.

Nasema kweli. Natengeneza gemu la bao la Kiswahili kwa Godot, injini ya gemu (programu ya kutengenezea magemu) iliyoanzishwa na Waajentina wawili na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 2014. Ni bure na haihitaji kompyuta ya nguvu. Mwaka 2023, Unity, wenye injini nyingine maarufu, walipotangaza kuwatoza watengenezaji kwa kila mara gemu linapowekwa kwenye kifaa, wengi walihamia Godot. Unity waliifuta tozo hiyo mwaka uliofuata, lakini mimi sikuona sababu ya kwenda kwao.

Kuchora ubao ni kazi nyepesi: mashimo 32, kete 64, kila mchezaji 22 mkononi wakati wa kuanza. Shida ni sheria. Nyinyi barazani mnazijua kwa mikono, na mtu akikosea mnapiga kelele mpaka arudishe kete. Kompyuta haipigiwi kelele. Inataka kuambiwa kwamba wakati wa namua, yaani hatua ya kwanza kete zikiwa bado mkononi, kete ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba, lile shimo kuu la mchezaji, yenye kete sita au zaidi, mchezaji achague kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, yaani kuendelea. Inataka kujua ni lini kimbi, shimo la pembeni la safu ya mbele, kinamlazimisha aanzie upande upi. Kwa hiyo nimefanya kama ofisini: kila ninapobadilisha mstari mmoja wa programu, mashine zinapambana zenyewe kwa zenyewe, mchezo baada ya mchezo, na hoja, yaani uchezaji wa zamu moja, isiyo halali ikitokea napata taarifa asubuhi.

Hapo ndipo nilipokutana na kitu ambacho hukuwahi kuniambia. Kuna mpangilio wa kete ambapo hoja hailali. Kete zinazunguka, zinaokotwa, zinazunguka tena, bila kufikia shimo tupu. Mchezaji mwenye mikono angechoka. Mashine haichoki, ikabaki inazungusha usiku kucha huku feni ikipiga kelele. Nimeweka kikomo, lakini ni kikomo changu, si cha wachezaji.

Pesa humo sizitegemei, na mwajiri hajali. Nataka tu likichezwa na mtu wa Tanga asinicheke.

Kwa hiyo naomba unijibu mawili. Barazani kwenu, hoja ikikataa kulala, mnasemaje: hoja imebatilika, au aliyeianzisha ameshindwa? Na shimo lililotakasiwa, yaani lililozuiwa mwenyewe asilichezee, likiwa ndilo pekee lenye kete zaidi ya moja mbele, mwenyewe anaruhusiwa kulitumia? Wazee wa Unguja wamenijibu kwa namna mbili tofauti. Nitamtumia mwanao gemu lenyewe kwenye simu Ijumaa, akuwekee.

Mpwa wako,
Dar es Salaam