Mizani ya wodi nayo ni chombo cha utafiti

Mwanangu mpenzi,

Hujambo mama? Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu, na ameniasa nisikuandikie mhadhara. Nimemwitikia, lakini unanijua.

Umesema umehamishwa kutoka wodi ya saratani kwenda kitengo cha utafiti, na kwamba huko wanachunguza umetaboli wa saratani, yaani jinsi seli za ugonjwa huo zinavyokitumia chakula cha mwili. Hongera. Kilichonikera ni sentensi yako ya mwisho: "Sasa nitakuwa mchota damu tu, baba." Mchota damu tu! Haya, tuanze na hiyo damu.

Damu ikishatoka mshipani haitulii. Chembe zake huendelea kula glukosi, yaani sukari ya damu, ndani ya tyubu na kutoa lakteti, masalia ya glukosi isiyochomwa hadi mwisho. Ukiiacha mezani kwenye joto la kawaida la chumba, glukosi hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa, na lakteti hupanda. Hapo nazungumzia damu ya mtu mwenye chembe za kiasi. Mgonjwa wa saratani ya damu ambaye seli zake nyeupe zimefurika, seli hizo huimaliza sukari ya tyubu haraka mno, hata maabara ikapiga simu wodini kwamba mgonjwa ameshuka sukari hadi pa kuzimia, kumbe mwenyewe ameketi kitandani anachambua gazeti. Muuguzi mzuri akipokea simu ya namna hiyo humtazama mgonjwa kwanza: anatoka jasho? anatetemeka? anajibu sawasawa? Kisha humpima kidoleni pale pale, halafu huchota sampuli nyingine kwenye tyubu yenye floridi, kemikali ya kuzuia chembe zisile glukosi, akaiweka kwenye barafu na kuipeleka mbio. Barafu usiidharau kwa sababu una floridi. Floridi huchukua saa moja, hata mbili, kabla haijasimamisha kabisa ulaji wa glukosi.

Na kamba ya kufungia mkono je? Ukiibana muda mrefu huku ukimwambia mgonjwa akunje ngumi, akunjue, akunje tena, misuli ya mkono itamwaga lakteti kwenye damu unayoichota. Sasa fikiria utafiti ambao swali lake ni lakteti. Mtafiti atakaa kwenye kompyuta yake, ataona namba imepanda, ataitafutia maelezo ndani ya jeni na vimeng'enya. Atakuwa anaandika makala juu ya tyubu iliyosahaulika dirishani, na hakuna hesabu ya kitakwimu itakayomwambia hivyo. Wewe ndiye utakayejua.

Najua watakufundisha habari za Otto Warburg, lakini ngoja nami nikuambie kwa namna yangu. Huyu alikuwa mwanabiokemia wa Ujerumani. Katika miaka ya 1920 alichukua vipande vyembamba vya uvimbe akaona kwamba vinakula glukosi nyingi na kuigeuza lakteti hata oksijeni ikiwepo tele. Ni jambo la ajabu ukilifikiria. Molekuli moja ya glukosi ikiishia kwenye lakteti huipa seli molekuli 2 tu za ATP, ambayo ndiyo nishati ya seli, ilhali ikichomwa hadi mwisho ndani ya mitokondria, tanuri za seli, hutoa ATP kama 30. Warburg akaamua kwamba mitokondria za saratani zimeharibika, na mwaka 1956 alikuwa bado anashikilia neno hilo. (Tuzo yake ya Nobel ya mwaka 1931 wengi huitaja kana kwamba alipewa kwa ajili ya saratani. Alipewa kwa kazi yake juu ya kimeng'enya cha upumuaji wa seli.) Alichokiona kilikuwa kweli, ila maelezo yake hayakusimama: saratani nyingi zina mitokondria zinazofanya kazi. Seli inayogawanyika upesi haitafuti moto tu, inatafuta na matofali, na njia ya glukosi ina michepuko mingi ya kupata malighafi za DNA, mafuta na asidi za amino zinazojenga protini.

Habari hii ndiyo iliyozaa swali utakaloulizwa kuliko maswali yote. Utaulizwa na mgonjwa, na mkewe, na jirani aliyekuja kutazama mgonjwa: "Sista, ni kweli sukari inalisha saratani?"

Usicheke, wala usijibu kwa haraka. Niliwahi kumhudumia mzee mmoja mwenye uvimbe wa kongosho. Alikuwa amejikatia karibu kila chakula chenye wanga kwa sababu mtu alimwambia ataushindisha ugonjwa njaa. Alikuwa na nidhamu ya askari, maskini. Mapaja yalikuwa yamebaki ngozi, na kila nilipoleta sahani aliisogeza pembeni kwa adabu kabisa, akisema, "Siwezi kumlisha adui."

Mtu kama huyo ukimwambia "hayo ni maneno ya mitaani", umempoteza, maana hayakutoka mitaani. Yametoka maabara, yakapindwa njiani. Seli za saratani nyingi kweli hula glukosi kwa pupa. Lakini mwili hauruhusu glukosi ya damu iishe, kwa kuwa ubongo unaitegemea. Usipokula, ini huitengeneza. Hutumia asidi za amino zinazotoka kwenye misuli, hutumia gliseroli ya mafuta, hutumia hata ile lakteti iliyotemwa na uvimbe, na kazi hiyo yote hugharimu nguvu. Kwa hiyo anayejinyima anapunguza misuli yake, na uvimbe unaendelea kupata. Isitoshe, saratani nyingi hujua kula glutamini, mojawapo ya asidi za amino, na mafuta pia. Mzee nilimweleza hivyo polepole, siku moja kipande, siku nyingine kipande. Siwezi kudai kwamba alianza kula sana. Alianza kula.

Ila usitoke hapo ukahubiri kwamba sukari haina neno lolote. Mwenye kisukari atabaki na masharti yake. Anayepewa steroidi sukari yake itapanda, nawe utaipima. Kuna dawa za saratani kama alpelisibu, ambayo huziba njia ileile ambayo insulini hupitishia ujumbe wake ndani ya seli, na sukari ya damu hupanda kwa sababu hiyo. Mwili ukijibu kwa kumwaga insulini nyingi, majaribio ya panya yameonyesha kwamba insulini hiyo inaweza kuiamsha tena njia iliyozibwa. Ndiyo maana wapo wanaojaribu chakula maalumu sambamba na dawa za aina hiyo, chini ya uangalizi. Uangalizi huo ndio tofauti yao na mzee wangu.

Tena usiache hadithi nzuri ya maabara ikutangulie. Metformini, dawa ya kisukari, ilitiliwa matumaini makubwa: inagusa mitokondria, inashusha insulini, na wagonjwa wa kisukari walioitumia walionekana kupata saratani kidogo. Hoja ilikuwa tamu mno. Kisha likafanyika jaribio kubwa, watu zaidi ya 3,600 wenye saratani ya matiti na wasio na kisukari, wengine wakapewa metformini, wengine dawa bandia. Matokeo yalitolewa mwaka 2022: haikuwazuilia ugonjwa kurudi kuliko dawa bandia. Binafsi naliheshimu jaribio lile kuliko majaribio mengi yaliyoshangiliwa.

Nije kwenye mizani, maana hapa ndipo nina la kukuambia hasa.

Kudhoofu kwa wagonjwa wa saratani si njaa ya kawaida. Wataalamu walikubaliana mwaka 2011 kwamba mtu akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 bila kukusudia, hiyo ni dalili ya kutosha ya kudhoofu huko, na kwamba lishe peke yake haiwezi kuurudisha mwili wote uliopotea. Uvimbe na kinga ya mwili hutoa kemikali zinazoyeyusha misuli na kuua hamu ya chakula. Mojawapo ni protini iitwayo GDF-15, inayofanya kazi kwenye shina la ubongo. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya jaribio la awamu ya pili la kingamwili ya kuizuia protini hiyo, ponsegromabu. Baada ya wiki 12, waliopewa dozi ya juu kabisa walikuwa na uzito wa takriban kilo 2.8 zaidi ya waliopewa dawa bandia.

Isome tena hiyo namba: kilo 2.8. Sasa mvue mgonjwa viatu vyake vizito na koti, weka juu ya mizani uone. Mkojo ambao hajaenda kuutoa nao una uzito wake. Ukimpima leo asubuhi kabla ya kula, wiki ijayo ukampima jioni, kwa mizani nyingine ambayo hakuna aliyeisahihisha tangu iletwe, tofauti yote ambayo dawa ile imeihangaikia imemezwa. Mizani ileile, saa ileile, nguo nyepesi, viatu chini, kibofu kitupu.

Halafu umwangalie mwenyewe. Nimeona watu ambao uzito wao haukubadilika mwezi mzima na kila mtu akafurahi, kumbe maji yalikuwa yanaingia tumboni na miguuni kwa kiasi kilekile misuli inachotoka. Bonyeza juu ya kifundo cha mguu kwa kidole gumba, hesabu sekunde kadhaa, achia. Kikibaki kishimo, kiandike. Tazama panja, pembeni ya macho, kama zimebonyea, tazama pete kama inazunguka kidoleni. Kama fomu yao haina mahali pa kuandika uvimbe wa miguu, andika pembeni, kisha umwendee mkuu wa utafiti umwambie fomu ina tundu. Wasomi huwa hawachukii kuambiwa hivyo. Wengine huchukia, lakini nao fomu huirekebisha.

Kwenye picha za PET, zinazoonyesha mahali mwilini panapokula glukosi kwa wingi, ni hivyohivyo. Mgonjwa huchomwa glukosi iliyobandikwa florini-18, atomi yenye mionzi, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110. Seli huivuta kama glukosi halisi, ikishaingia haiwezi kuendelea mbele wala kutoka kwa urahisi, basi inang'aa pale ilipo. Saa moja kati ya sindano na picha ni yako. Akitembeatembea, misuli itang'aa. Akishikwa na baridi, mafuta ya kahawia ya shingoni na juu ya mtulinga, yanayochoma glukosi ili kutoa joto, yatang'aa, na daktari anaweza kuyafikiria tezi zenye ugonjwa. Kwa hiyo blanketi nayo ni sehemu ya kipimo.

Wala usidhani umetaboli umeukuta huko ulikokwenda. Methotreksati, ile dawa ya saratani uliyokuwa ukiitundika wodini, huzuia seli kuitumia folati, vitamini inayohitajika kutengeneza DNA, wazo lililotokana na kazi ya daktari Mmarekani Sidney Farber na watoto wenye saratani ya damu miaka ya 1940. Vile vijiti ulivyokuwa ukichovya kwenye mkojo kuhakikisha pH, kipimo cha uasidi, haishuki chini ya 7, na leukovorini, dawa ya kuziokoa seli nzima, uliyoamka usiku kuitoa kwa saa yake, vyote vilikuwa umetaboli mtupu.

Jambo moja zaidi, nalo si la kisayansi. Mgonjwa wako atakuona umevaa sare ileile, atadhani kila unachomfanyia ni kwa ajili ya kumponya. Sampuli nyingine zitakuwa kwa ajili ya wagonjwa wajao tu, yeye hatapata kitu. Mwambie hivyo kwa maneno hayohayo kabla hajatia sahihi, na urudie siku ya kuchota, maana fomu ya ridhaa watu huisoma wakiwa na hofu. Itifaki, yaani mpango wa utafiti, ikidai afunge usiku kucha na wewe unaona mtu tangu juzi chakula hakipiti, simama umtetee, hata kama ratiba itavurugika. Akikataa, usimbembeleze kwa sababu ya urafiki wenu. Andika "amekataa", andika na saa. Kisanduku kilichoachwa wazi hakisemi kama mtu alikataa, alitapika, au muuguzi alipitiwa na usingizi.

Ukipata nafasi niletee nakala ya ukurasa wao wa jinsi ya kupima uzito, kama sheria zao zinaruhusu. Nataka kuona kama wameandika habari za viatu.

Baba yako