Kuhusu sefti yako inayogoma

Rafiki yangu Salim,

Salamu nyingi. Nimecheka uliposema sefti, ile swichi ya usalama, ya hiyo bunduki ya AR-15 uliyoiunga mwenyewe haigeuki mpaka uiombee dua. Kwanza niambie: ulipoijaribu, nyundo ilikuwa imekokiwa, yaani imevutwa nyuma tayari kupiga? Bunduki hizi, nyundo ikiwa imelala mbele, sefti haiendi upande wa usalama hata uisukume vipi. Huo si ubovu, ndivyo ilivyoundwa, na ukiilazimisha utaiumiza bure.

Kama ilikuwa imekokiwa, usikimbilie mafuta kwanza. Toa magazini, vuta bolti nyuma, tazama chemba inamokaa risasi kwa macho kisha ihakikishe kwa kidole, na risasi zikae chumba kingine kabisa. Halafu legeza skrubu ya mshiko polepole. Ndani yake mna springi nyembamba inayokisukuma juu kipini kidogo, na kipini hicho ndicho kinachoishika sefti mahali pake. Springi ikikuruka hapo, utapiga magoti sakafuni mpaka usiku.

Kipini kikishatoka, geuza sefti. Ikizunguka laini, mchawi ni springi au kipini. Mara nyingi springi hukunjwa mtu anapofunga mshiko kwa haraka, nawe nakujua kwa haraka! Angalia pia kama ncha iliyochongoka ya kipini ilikuwa imeelekea juu, na kama tundu lake lina uchafu au rangi iliyoganda. Safisha, tia tone moja la mafuta, weka springi mpya. Wapo wanaoikata springi ili sefti ilegee. Mimi siafiki hata kidogo, kwani sefti iliyolegea hujigeuza yenyewe ikisuguana na nguo au begi.

Ikiendelea kukaza hata bila kipini, sikiliza inakaza wapi. Ikiwa nzito mzunguko mzima, huenda tundu la sefti lenyewe limebana. Ikikwama mwishoni tu, inapokaribia usalama, nashuku mkia wa kifyatulio, ile sehemu yake ya nyuma iliyo ndani, umeinuka mno na unaigusa sefti. Hapo weka chini tupa yako ya kuchongea chuma. Sefti huzuia risasi kwa kuubana mkia huohuo. Ukiuchonga ukapitiliza kidogo tu, alama itaonyesha usalama na nyundo itaanguka. Mpelekee fundi wa bunduki.

Ukishamaliza, bunduki ikiwa tupu na imefungwa kamili, koki, weka usalama, vuta kifyatulio kwa nguvu: nyundo isianguke. Achia, kisha geuza sefti upande wa kufyatua bila kugusa kifyatulio. Hapo pia isianguke. Vuta sasa, ndipo ianguke. Ikikosea hata hatua moja, usiipeleke kulenga shabaha.

Niandikie ukishafungua mshiko, unieleze springi umeikuta katika hali gani.

Wako,
Hamisi