Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wafugaji,

Josho la kuogeshea ng'ombe lilifanya kazi, maziwa yaliuzwa, kamati ilikaa vikao vyake kwa mujibu wa katiba. Hayo mnayajua. Mapato yote ni shilingi 4,120,000, matumizi 3,870,000. Mchanganuo atausoma mtunza hazina.

Nije kwenye chanjo ya homa ya Bonde la Ufa, maana nimesemwa kuanzia Kisesa hadi Magu.

Wapo wanaosema tumechezea fedha kuinunua chanjo hiyo, kwa kuwa serikali ilishachanja kwa shilingi 500 kwa ng'ombe. Chanjo ile iliyozinduliwa Bariadi mwezi Juni ni ya homa ya mapafu. Haizuii ng'ombe kutupa mimba kwa homa ya Bonde la Ufa. Homa hii ya Bonde la Ufa huletwa na mbu, na virusi vyake hukaa kwenye mayai ya mbu ardhini miaka mingi vikingoja mafuriko. Wanaokumbuka mlipuko wa mwaka 2007 wananielewa. Ndiyo maana nilishikilia tuchanje kiangazi: ugonjwa ukishalipuka, sindano inayohama ng'ombe hadi ng'ombe inausambaza.

Lawama ya pili: wenye ng'ombe wenye mimba walichanga, kisha ng'ombe wao wakarukwa. Ni kweli, na aliyeagiza ni mimi. Chanjo tuliyoimudu ni ya virusi hai, dozi moja. Ng'ombe mwenye mimba akichomwa, anaweza kuitupa kwa sababu ya chanjo yenyewe. Ile ya virusi vilivyouawa haina hatari hiyo, ila lazima irudiwe, na mfuko wetu mnaujua. Michango yao imeandikwa. Ng'ombe wao watachanjwa wakishazaa.

Mwenzetu mmoja anadai ng'ombe wake ametupa kwa sababu aliachwa. Huenda. Huenda pia ni brusela, ugonjwa wa bakteria ambao nao hutupisha mimba na una chanjo yake. Tutajuaje? Ndama alitupiwa mbwa siku hiyohiyo, hakuna sampuli iliyofika maabara, tena alishikwa kwa mikono mitupu, jambo ninalolikataza kila kikao kwani hata binadamu huambukizwa. Lakini vikao vyenyewe haji.

Hapo ndipo penye aibu. Tuko 64; kikao cha kupitisha chanjo walifika 17, na wanaopaza sauti leo sikuwaona. Ada wamelipa 29. Ng'ombe akikwama kuzaa usiku, simu yangu inaita; ada ikitajwa, mtandao unasumbua.

Mwakani, fedha zikiruhusu, tunatarajia kupata jokofu la chanjo na pengine dume bora. Kamati italiangalia.

Majina ya wadaiwa yamebandikwa mlangoni. Yasomwe kabla ya chakula.

Mwenyekiti