Mpiga picha ajue kwanza kusoma ramani ya nyumba

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, kuna jambo linanikaa rohoni muda sasa.

Vijana wengi wanaoanza kupiga picha wanauliza swali moja tu, ninunue lenzi gani, na kila anayewajibu anawatajia lenzi. Mi nasema kabla ya lenzi chukua penseli na futi, pima chumba unacholala, chora ramani yake, alafu chora na ule mchoro wa kukata, yaani kama vile nyumba umeipasua katikati kama nanasi ukaona ndani dari iko wapi na sakafu iko wapi.

Nilisoma usanifu majengo kabla sijashika kamera ya maana, na kilichonibadilisha macho ni ngazi. Tulipewa kazi ya kupima ngazi kipandio kwa kipandio, kimo sentimita 17 na kitu, pa kukanyagia 28 hivi, uandike, upande, upime tena, alafu uichore yote kwa skeli ya 1 kwa 20, yaani sentimita 1 kwenye karatasi ni 20 za kweli. Ukishafika juu umeinama vile na futi mkononi unajua mtu anapumua wapi, anageuka wapi, mwanga wa dirisha la juu unamkuta akiwa kipandio cha ngapi. Miaka baadaye narudi pale pale na kamera na sikuhangaika hata kidogo, nilienda moja kwa moja pale ngazi zinapokata kona nikasubiri jua, maana jua linatembea nyuzi 15 kwa saa na mtu aliyechora dirisha anaweza kukadiria mwanga utaangukia wapi baadaye. Picha ile mpaka leo naipenda.

Kingine ambacho watu hawaambiwi ni kwamba pespektivu, yaani vile vitu vya karibu vinavyoonekana vikubwa na vya mbali vidogo, inaamuliwa na pale uliposimama. Lenzi inakata tu kipande kikubwa au kidogo cha kile ambacho miguu yako imeshachagua. Wasanifu wanalijua hili zamani sana, msanifu Filippo Brunelleschi kule Florence, Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1400 alichora jengo la ubatizo kwenye ubao akautoboa tundu dogo, unachungulia kwa nyuma unaona mchoro kwenye kioo kilichoshikwa mbele yake, na ilibidi jicho liwe pale pale kwenye tundu. Sehemu moja tu! Ndo maana mwanafunzi wa usanifu anaanza mchoro kwa kuweka nukta ya mtazamaji kwenye ramani, kuta zinafuata baadaye.

Na zile picha za maghorofa yanayoonekana kama yanaanguka kinyumenyume, hiyo ni kamera imeinuliwa pua juu. Ukiilaza sawa kuta zinasimama. Zipo lenzi za kuhamisha, ambazo lenzi yenyewe inasogezwa juu bila kuinua kamera, zinasaidia hapo, lakini mara nyingi inatosha kurudi nyuma au kuomba kupanda ghorofa ya pili ya jengo la ng'ambo.

Anayetaka mfano amtafute Gabriele Basilico wa Milan, alimaliza digrii ya usanifu majengo mwaka 1973 akaishia kuwa mpiga picha, akapiga viwanda vya mji wake, na mwaka 1991 akaenda Beirut, Lebanoni, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeisha. Majengo yale yamejaa matundu lakini kayapiga kwa utulivu wa mtu anayepima, barabara unaiona inaanzia wapi na inaelekea wapi, na uchungu unaupata hapo hapo kwenye nafasi zilizobaki wazi bila mtu.

Sasa niseme na kosa langu. Kuna mwenye nyumba ya wageni aliniita nimpigie vyumba, akataka lenzi pana kuliko zote, ile inayoingiza eneo kubwa kwenye picha, nijibanze kwenye kona, nikakubali kwa sababu ya hela. Chumba cha mita 3 kwa 3 kikatoka kama ukumbi, kitanda kimevutika kama mtumbwi. Wageni wakafika wakalalamika, na walikuwa na haki kabisa, nilikuwa nimewadanganya kwa kutumia kitu nilichosomea na hilo limeniuma sana. Tangu siku ile chumba sikipigi bila mlango au kiti ndani ya fremu, maana mlango kila mtu anaujua kwa mwili wake, ni mita 2 na kidogo, hauhitaji kuelezwa.

Ombi langu kwako mhariri ni dogo. Mkichapisha picha ya jengo jipya, shule, soko, chochote kile, wekeni pembeni kiramani kidogo chenye nukta moja kuonyesha mpiga picha alisimama wapi. Nafasi yake haizidi ya stempu, na msomaji atajua mwenyewe ni upande gani hakuonyeshwa.

Msomaji wako,
Mpiga picha