Kuhusu tamthilia yetu ya shule

Habari zenu wanakikundi. Nimesoma maoni yote ya jana kuhusu uhalisia wa hii tamthilia ya maisha ya shuleni tunayoitazama, hata ya wale wa usiku wa manane. Walimu mliomo humu mmelalamika kwamba kwenye tamthilia kipindi cha darasani hudumu dakika mbili, kengele inalia, na haonekani mtu akisahihisha madaftari. Kweli kabisa, ila nani angekaa kutazama mtu akisahihisha? Hilo tuwasamehe. Wanafunzi kuigizwa na watu wenye ndevu nako kuna sababu: nchi nyingi huweka kikomo cha saa ambazo mtoto anaruhusiwa kuigiza, kwa hiyo waandaaji hukimbilia watu wazima.

Lisilosameheka, kwangu mimi, ni yule binti aliyeonewa mpaka akaacha shule. Sehemu iliyofuata yuko koridoni anacheka na walewale, wala hakuna aliyeuliza kitu! Mnaosema "ni burudani tu", hapo bado hamjanishawishi.

Ijumaa tutajadili ile hadithi ya mtihani ulioibwa. Ambao hamjaitazama, itazameni kabla. Mlioimaliza, msitoboe siri humu. Na jumbe za sauti za dakika nne, jamani, andikeni tu.